Mboji ya nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia gunia la majani makavu hadi udongo wenye rutuba

Ukikutana na mtu aliyewahi kutengeneza mboji nyumbani akaacha kwa sababu ya harufu na nzi, muulize alikuwa akiweka wapi majani makavu. Mara nyingi utagundua kuwa hakuwa nayo. Alimwaga maganda na mabaki ya mboga siku baada ya siku, yakalowana, yakashikana, hewa ikakosa pa kupita, na uvundo ukaanza. Kosa halikuwa la mboji. Alikuwa na nusu tu ya mahitaji.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye vitu vikavu. Ukiwa na akiba ya kutosha ya vitu vikavu, ukajua kupima maji kwa mkono wako, mengine yote yanarekebishika.

Udongo unafaidika na nini

Mboji haishindani na mbolea ya viwandani kwa wingi wa virutubisho. Naitrojeni iliyomo kwa kawaida ni kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake mkavu, na sehemu kubwa ya hiyo imefungwa ndani ya mabaki ambayo vijidudu vya udongo wataendelea kuyavunja kwa miaka. Katika msimu wa kwanza mmea hupata sehemu ndogo tu. Anayeweka mboji leo akitegemea mimea ibadilike rangi baada ya wiki moja atavunjika moyo bure.

Faida kubwa iko kwenye umbile la udongo. Bakteria na kuvu wanapokula mboji hutoa utando unaonata na nyuzi nyembamba, na hivyo hushikanisha chembe za udongo zikawa vidonge vidogo. Kati ya vidonge hivyo hubaki matundu. Yale makubwa hupitisha maji ya ziada na kuingiza hewa, yale madogo hushika maji ambayo mizizi itayanywa baadaye. Kwa sababu hiyo mboji husaidia udongo wa aina mbili zenye shida zinazopingana: kichanga ambacho maji hupita moja kwa moja, na mfinyanzi ambao maji husimama juu yake. Isitoshe, mboji hushikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu ambazo vinginevyo zingesombwa na mvua kwenda chini, mbali na mizizi.

Kinachoendelea ndani ya biwi

Wafanyakazi wa biwi, yaani lundo la kutengenezea mboji, ni vijidudu, nao wanahitaji mambo manne: kaboni ya kuwapa nguvu, naitrojeni ya kujengea miili yao, maji na hewa. Kaboni hutoka zaidi kwenye vitu vikavu, naitrojeni kwenye vibichi. Mchanganyiko wanaoupenda una takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Kaboni ikizidi sana kazi inasinzia. Naitrojeni ikizidi, ile isiyotumika hutoroka angani ikiwa amonia, nawe unainusa.

Kuoza kwa vitu kunajulikana tangu zamani, lakini utaratibu wa kupanga biwi kwa vipimo ulipata sura yake ya kisasa kupitia kazi ya Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, India, kuanzia 1924 hadi 1931. Alijifunza kwa wakulima wa huko, akapanga tabaka za masalia ya mimea na samadi, akazimwagilia na kuzigeuza kwa ratiba. Njia hiyo bado inaitwa kwa jina la mji huo, na hatua utakazosoma hapa ni ndugu zake wa karibu.

Biwi likipangwa vizuri hufukuta lenyewe. Katika siku chache za mwanzo vijidudu wa kawaida hupandisha joto hadi karibu nyuzi 40 za Selsiasi. Hapo wao hupungua na kuwapisha wengine wanaopenda joto kali, nao hulifikisha biwi kwenye nyuzi 55 hadi 65. Likipita 70 hata hao huanza kufa. Vyakula rahisi vikiisha joto hushuka, na wanaingia kuvu, nyungunyungu, jongoo na wadudu wengine wa kumalizia vile vigumu.

Hatua ya 1: weka akiba ya vitu vikavu kabla ya kitu kingine chochote

Usianze biwi siku ya kwanza. Anza na magunia mawili au matatu, au pipa lenye mfuniko, ulijaze vitu vikavu: majani yaliyoanguka chini ya miti, nyasi zilizokauka, mabua yaliyokatwakatwa, maboksi yaliyochanwa baada ya kubanduliwa utepe wa plastiki, trei za mayai za karatasi, magazeti. Maranda na vumbi la mbao pia hufaa mradi mbao hazikutiwa dawa ya kuzuia wadudu au rangi, ila yatumie kidogo kidogo. Kaboni yake ni mamia ya mara ya naitrojeni, wakati majani makavu ni kati ya 40 na 80 tu. Biwi lililojaa vumbi la mbao linaweza kukaa mwaka mzima bila kubadilika.

Weka akiba hiyo pale pale biwi litakapokuwa, mahali mvua haifiki. Hili linaonekana dogo lakini linaamua mengi, kwa sababu kila ndoo ya takataka za jikoni inayoingia kwenye biwi inapaswa kufunikwa papo hapo. Vikavu vikiwa upande wa pili wa nyumba, kuna siku utachoka kuvifuata, na nzi hawatachoka.

Kata vitu virefu viwe vipande vya urefu wa kidole. Vipande vidogo huoza haraka kwa sababu vijidudu wanapata pa kushika pengi zaidi, ila usivisage vikawa unga, maana unga hushikana na kufunga njia za hewa. Majani mapana na magumu hulaliana kama kurasa za kitabu kilicholowa, hivyo yaponde au yachanganye na mabua ili yasitengeneze tabaka lisilopitisha kitu.

Hatua ya 2: chagua vitu vibichi kwa uangalifu

Maganda ya matunda, mabaki ya mboga, majani ya chai, machicha ya kahawa, nyasi mbichi zilizofyekwa, magugu ambayo hayajatoa mbegu, samadi ya ng'ombe, mbuzi, sungura au kuku: hivi vyote ni vibichi. Rangi isikudanganye. Machicha ya kahawa ni ya kahawia lakini uwiano wake wa kaboni kwa naitrojeni ni karibu 20 kwa 1, kwa hiyo yahesabu pamoja na vibichi. Samadi ya kuku ni kali kuliko zote, karibu 10 kwa 1 au chini ya hapo, kwa hiyo kidogo tu kinatosha kuamsha biwi lililolala. Maganda ya malimau, ambayo wengi huyaogopa, hayana ubaya yakikatwa na kuchanganywa na vingine. Maganda ya mayai yaponde, la sivyo utayakuta mazima mwaka ujao.

Nyama, samaki, mifupa, maziwa na mafuta ya kupikia viache nje ya biwi la nyumbani. Vitaoza, lakini vitaoza kwa uvundo na kuita panya na mbwa kabla havijaisha. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa kwenye mboji ya bustani ya chakula, kwani hubeba mayai ya minyoo na vimelea vinavyoweza kumdhuru binadamu, na biwi la nyumbani halina uhakika wa kuviua. Majivu ya kuni tia konzi moja moja kwa nadra, maana hupunguza asidi na kuharakisha amonia kutoroka. Majivu ya makaa ya mawe usitie. Vifuko vya chai tazama vimetengenezwa kwa nini, kwani baadhi vina nyuzi za plastiki. Na mifuko inayoandikwa kuwa inaoza, mingi yake inahitaji joto la mitambo mikubwa, ambalo biwi la nyumbani halilifikii au halilidumishi.

Mimea iliyougua mnyauko au virusi, na magugu yanayochipua kutoka kwenye mizizi kama ndago, viweke kando. Ndago zinaweza kuzamishwa ndani ya ndoo ya maji yenye mfuniko kwa wiki kadhaa hadi zigeuke tope, kisha tope hilo likaingia kwenye biwi bila hofu.

Kuna hatari moja ambayo haizungumzwi inavyostahili. Baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana, hasa zenye aminopiralidi au klopiralidi, hunyunyizwa kwenye malisho na mashamba ya nafaka. Ng'ombe au farasi akila nyasi hizo, dawa hupita tumboni mwake bila kuvunjika, huingia kwenye samadi, na huweza kuvumilia hata biwi lenye joto. Ukitandaza mboji hiyo, nyanya na maharage hukunja majani na kudumaa, na bustani yako huweza kuteseka zaidi ya msimu mmoja. Samadi na nyasi kavu zisizojulikana zilikotoka zipime kwanza. Changanya samadi hiyo na udongo kwenye vyungu vitatu, vyungu vingine vitatu viwe na udongo mtupu, panda maharage kote, ngoja wiki tatu hivi. Majani mapya yakijikunja kwenye vyungu vya samadi peke yake, usiiingize bustanini. Wiki tatu za kungoja ni bei ndogo sana kwa kulinda udongo.

Hatua ya 3: mahali na chombo

Chagua mahali penye kivuli cha kiasi, pasipotuama maji, juu ya udongo mtupu badala ya sakafu, ili maji yanayozidi yanywee chini na nyungunyungu wapande. Pawe karibu na maji, na toroli lifike.

Ukubwa una maana kuliko umbo. Biwi linalotakiwa kupata joto liwe na angalau mita 1 kwa urefu, upana na kimo. Likiwa dogo kuliko hapo, joto hutoka haraka kuliko linavyozalishwa. Likizidi mita 1.5 kwenda juu, uzito wake hukandamiza chini na katikati kukakosa hewa. Kuta unaweza kuzijenga kwa fito, wavu wa waya, mbao chakavu zisizo na dawa, au usijenge kabisa ukaliacha biwi wazi. Penye mvua nyingi lijengwe juu ya ardhi. Penye ukame shimo la kina cha nusu mita husaidia kutunza unyevu, ila shimo ni gumu kugeuza, na mvua zikija ghafla hugeuka bwawa.

Mwenye eneo dogo atumie pipa la plastiki lililotobolewa matundu pande zote na chini. Halitapata joto kubwa, lakini litafanya kazi. Panya wakiwa tishio, tandika chini wavu mgumu wenye matundu yasiyozidi milimita 6.

Hatua ya 4: kupanga biwi

Lainisha udongo wa chini kwa jembe, kisha tandika matawi membamba unene wa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo hewa itaingilia kutoka chini. Juu yake weka vikavu unene wa sentimita 15, vibichi sentimita 5 hadi 7, mwagilia, kisha rudia. Kwa kipimo cha ndoo, ni ndoo mbili hadi tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Ukiweka samadi ya kuku, vikavu viongezeke.

Tabaka ni njia ya kupimia tu. Ukishaweka tabaka mbili tatu, chukua uma uzichanganye, kwa sababu kijidudu aliye katikati ya tabaka la majani makavu hana naitrojeni karibu naye. Biwi lililochanganywa tangu mwanzo hupata joto haraka kuliko lililopangwa tabaka safi za kupendeza macho.

Vianzishio vinavyouzwa kwenye paketi si lazima. Vijidudu wako tayari juu ya kila jani na kila ganda. Konzi chache za mboji ya zamani au udongo wa bustani zinatosha kwa anayetaka uhakika. Chokaa nayo si ya lazima: biwi huwa na asidi kidogo siku za mwanzo, kisha hujirekebisha lenyewe.

Maji yatiwe wakati wa kupanga. Vikavu vilivyoingia vikiwa vikavu hasa, baadaye maji yatateleza juu yake na kutokea pembeni huku katikati kukibaki vumbi. Unyevu unaofaa ni asilimia 50 hadi 60, na kipimo chake ni mkono. Chukua konzi kutoka ndani ya biwi, ikamue kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu uko sawa. Yakitiririka, maji yamezidi. Mkono ukibaki mkavu na konzi ikasambaratika ulipofungua vidole, ongeza maji.

Malizia kwa kufunika juu kwa nyasi kavu au gunia, na penye mvua kubwa kwa turubai. Choma fimbo ndefu iliyonyooka katikati hadi chini. Hiyo ndiyo itakayokuambia habari za ndani.

Hatua ya 5: joto na kugeuza

Baada ya siku tatu au nne chomoa fimbo uishike sehemu iliyokuwa katikati. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, mambo yanaenda sawa. Ikiwa ya moto lakini kavu na ina unga mweupe, biwi lina kiu. Ikiwa baridi na inanuka, limekosa hewa. Mwenye kipimajoto cha shina refu atapata namba kamili, ila fimbo haijapitwa na wakati.

Geuza mara ya kwanza kati ya siku ya nne na ya saba, kisha kila joto linaposhuka au linapopita nyuzi 65. Njia nzuri ni kuwa na nafasi mbili zinazopakana: hamisha biwi lote kutoka moja kwenda nyingine, ukiweka ndani vile vilivyokuwa nje. Pima maji kwa mkono kila unapogeuza. Baada ya wiki tatu au nne za kugeuza hivyo, joto litagoma kupanda tena. Hapo liache liive kwa mwezi mmoja au miwili bila kuligusa. Ujazo wake utakuwa umepungua kufikia nusu au chini ya hapo. Usishtuke, sehemu kubwa imeondoka ikiwa hewa ya kaboni na mvuke.

Anayetaka kuua mbegu za magugu na vimelea asidanganywe na joto la katikati. Kila sehemu inapaswa kupitia nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, na ganda la nje la biwi halifiki huko bila kuingizwa ndani. Kwa mboji inayotengenezwa kwenye marundo marefu ya wazi, kanuni za Marekani za tope la maji taka hudai nyuzi 55 kwa siku 15, ikigeuzwa angalau mara 5. Kipimo hicho ni cha kazi kubwa, lakini kinaonyesha kwa nini kugeuza mara moja hakutoshi.

Vaa glavu, na biwi likiwa kavu lenye vumbi au ukungu mwingi, lilowanishe kwanza na ufunike pua na mdomo. Vumbi la mboji hubeba mbegu za kuvu, na wakati mwingine bakteria wanaoweza kuleta ugonjwa wa mapafu, hasa kwa wazee, wenye pumu na wenye kinga dhaifu. Nawa mikono ukimaliza.

Kwa nyumba nyingi, njia ya polepole inatosha

Joto kali linahitaji vitu vingi kwa mkupuo, na nyumba nyingi hazivipati. Hakuna ubaya. Tenga mapipa au vizimba viwili. Kimoja kiwe cha kujaza, kingine cha kuivisha. Kila ukileta ndoo ya jikoni, chimba shimo dogo katikati, mwaga, changanya na yaliyopo, kisha funika kwa vikavu mara mbili ya ulichomwaga. Kizimba kikijaa, kiache, uanze cha pili. Mboji itakuwa tayari baada ya miezi sita hadi mwaka au zaidi kidogo, kutegemea hali ya hewa. Sharti lake ni moja: magugu yenye mbegu na mimea iliyougua visiingie kabisa, kwa kuwa hakuna joto la kuviua.

Anayeishi ghorofani anaweza kufuga nyungunyungu wekundu wa mboji kwenye sanduku lenye matandiko ya karatasi zilizolowa. Hawa ni Eisenia fetida, si wale wanaochimba shambani. Hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 25, hawavumilii jua kali, na wasilishwe zaidi ya wanavyomaliza.

Biwi linapolalamika

Harufu ya amonia inayochoma pua ina maana vibichi vimezidi. Ongeza vikavu siku hiyo hiyo, maana unachonusa ni naitrojeni ya bustani yako ikiondoka. Harufu ya mayai viza ni ya kukosa hewa, karibu kila mara kwa sababu ya maji mengi. Geuza, tia vikavu vigumu kama mabua, funika mvua isiingie.

Biwi lisilopata joto, kagua maji kwanza. Wengi hukimbilia kuongeza samadi, kumbe ndani ni pakavu. Likiwa na unyevu wa kutosha, tazama ukubwa, kisha ndipo ufikirie vibichi. Sisimizi wakijenga humo, ni dalili nyingine ya ukavu. Utando wa kijivu au mweupe ndani ya biwi lenye unyevu ni wa vijidudu wanaovunja nyuzi ngumu, uache.

Funza wanene wa rangi ya udongo ni watoto wa nzi askari mweusi. Hula takataka kwa kasi kubwa na mzazi wao hasumbui jikoni, kwa hiyo usiwaue. Wakijaa kupita kiasi, biwi lina maji na vibichi vingi mno. Vile vinzi vidogo vya matunda huondoka ukizika takataka na kuzifunika.

Imeiva?

Mboji iliyoiva ina rangi ya kahawia iliyokolea, inamomonyoka mkononi, inanukia udongo uliopata mvua, na huwezi kutambua ganda lilikuwa la tunda gani. Vijiti vichache kubaki ni kawaida. Lakini macho hayatoshi. Lowanisha kiasi kidogo, kifunge ndani ya mfuko kwa siku tatu, kisha fungua unuse. Ikinuka uchachu au amonia, bado. Kipimo cha pili ni mbegu: panda kumi za figili kwenye mboji na kumi kwenye udongo wa kawaida. Za kwenye mboji zikichelewa, au zikiota dhaifu, ipe mwezi mwingine.

Subira hii ina sababu. Mboji mbichi ikichanganywa na udongo huendelea kuoza, na vijidudu hupokonya naitrojeni ambayo mimea ingeitumia. Pia huweza kuwa na asidi zinazounguza mizizi michanga.

Chekecha kwa wavu wa matundu ya sentimita 1 kama ni ya kuoteshea miche. Kwa matuta ya kawaida si lazima.

Hatua ya 6: kuiweka kwenye udongo

Tuta jipya, au udongo uliochoka sana, lipe tabaka la sentimita 2.5 hadi 5, ulichanganye na sentimita 15 hadi 20 za juu. Kwa hesabu, sentimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, yaani ndoo ndogo moja. Mita moja ya ujazo itatandaza mita za mraba 40 kwa unene wa sentimita 2.5. Piga hesabu hiyo mapema, kwa sababu biwi lililoonekana kubwa hugeuka mboji kidogo, na ni bora kuhudumia tuta moja vizuri kuliko kunyunyizia bustani nzima.

Baada ya mwaka wa kwanza huna haja ya kulima tena kila msimu. Tandaza sentimita 1 hadi 2 juu, kisha funika kwa matandazo ya nyasi kavu ili jua lisiikaushe. Nyungunyungu na mvua wataishusha. Kulima mara kwa mara huvunja vile vidonge vya udongo ambavyo mboji ilikuja kuvijenga.

Miti ipewe chini ya mwavuli wa matawi, ukiacha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina ili gome lisioze. Shimo la kupandia mti usilijaze mboji tupu. Itaendelea kuoza, mti utazama, na mizizi huelekea kuzunguka humo humo kwenye utamu badala ya kwenda mbali. Rudisha udongo wake wa asili, mboji itandaze juu. Kwenye vyungu isizidi theluthi moja ya mchanganyiko, kwani ikiwa peke yake hujikandamiza na chumvi zake huweza kuwa nyingi kwa miche.

Ziada nayo ina madhara. Mboji, hasa ya samadi, huleta fosforasi nyingi kuliko mimea inavyohitaji ikilinganishwa na naitrojeni. Anayetandaza tabaka nene kila msimu hulimbikiza fosforasi ambayo mvua inaweza kuisomba hadi mitoni na maziwani, ambako hulisha mwani. Tuta likishakuwa na afya, punguza. Ukiweza, peleka sampuli ya udongo ipimwe kila baada ya miaka michache. Mimea yenye njaa kubwa ya naitrojeni, kama mboga za majani, huenda ikahitaji nyongeza hata penye mboji nzuri, na hilo si dalili kwamba mboji imeshindwa.

Maendeleo ya udongo yapime kwa maji. Chukua kopo pana lisilo na kitako, lididimize ardhini sentimita chache, mimina maji ya kimo cha sentimita 2.5 na uyaache yanywee. Mimina tena kiasi kile kile, na safari hii hesabu dakika mpaka yaishe. Fanya hivyo kabla ya mboji ya kwanza, uandike tarehe na muda, kisha urudie mwaka unaofuata mahali pale pale, udongo ukiwa na unyevu unaofanana. Kwenye mfinyanzi muda ukiwa umepungua, matundu ya udongo yameanza kufunguka, na unaweza kutandaza tabaka la sentimita 1 tu msimu huo, mboji iliyobaki ikahamia kwenye tuta linalofuata.